Molekuli Iliyompa Mgongo

Ukutani, katikati ya kioo kikubwa, molekuli ilijizungusha polepole kama utepe uliosokotwasokotwa na mtoto mtundu. Juu yake zilimetameta alama za rangi nne: buluu, kijani, nyekundu na waridi. Rangi ya tano, ya manjano, haikuonekana popote. Na wajumbe wa jopo walikuwa watano.

Mkurugenzi aliinama akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akatazama tena. Manjano ilikuwa rangi ya Mzee.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu yenye maji, "alama zako hatuzioni."

"Nimeziweka."

"Sasa zimekwenda wapi?"

"Muulize huyo." Mzee alielekeza kidevu kwa mwanamke aliyeketi pembeni nyuma ya kompyuta. "Mimi tangu jana nabofya. Kila nikiigusa hiyo molekuli yenu, inanipa mgongo."

Watu wakacheka. Daktari wa vimelea, mama mnene asiyeacha mzaha upite bila kuusindikiza, akadakia: "Ina haya tu, Mzee. Na mimi ningetazamwa namna hiyo ningegeuka."

Mzee alitabasamu. Hakuwa mtu wa kununia utani. Lakini tabasamu lile lilikaa mdomoni tu, halikupanda hadi machoni, na aliyeliona vizuri kuliko wote ni yule mwanamke wa pembeni, kwa sababu alikuwa analijua tangu utotoni. Mzee alikuwa kaka wa mama yake. Nyumbani alimwita Mjomba. Hapa kazini alimwita Mzee kama walivyomwita wengine, ili asije akaambiwa amebebwa. Yeye naye kazini aliitwa Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeujenga ukurasa ule wa wavuti ambao molekuli zilionekana ndani yake, zikageuzwa, zikapigwa alama. Ni Mjomba peke yake aliyeendelea kumwita Chiriku, jina alilompa alipokuwa mtoto mwenye maneno yasiyokwisha.

Chiriku alifungua pale alama zilipohifadhiwa. Buluu zilikuwapo, kijani zilikuwapo. Mahali pa manjano palikuwa peupe.

"Hakuna kilichofika," alisema.

"Je, ukurasa una hitilafu?" Mkurugenzi aliuliza.

Mlango ulikuwa huo. Angeweza kusema, "Ngoja nikaangalie." Angeweza kuinuka, akavuka ukumbi, akaketi mezani kwa Mzee na kumwomba abofye huku akimtazama. Lakini alikuwa amekesha wiki nzima juu ya ukurasa ule, na swali la Mkurugenzi lilimchoma mahali ambapo fundi hapendi kuguswa.

"Ukurasa haujambo," akajibu. "Umepokea alama za wengine wote."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ila ukweli nao, ukisemwa nusu, una namna yake ya kudanganya.

Mkurugenzi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Mzee na alimtakia mema, akatafuta njia ya kumwokoa. "Basi njoo hapa mbele, Mzee. Bofya hapa hapa, sote tuone."

Mzee akaanza kuinuka. Mkono wa kushoto uliegemea meza. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, mahali ambapo, kama mtu angejali kukumbuka, ulikuwa umekaa msimu mzima. Akasimama nusu, kisha akaketi tena.

"Hapana," alisema.

"Tuambie kwa mdomo, basi. Ni kishimo gani?"

"Kwa mdomo haturuhusiwi. Kanuni nilitunga mimi mwenyewe: mtu asiseme kabla ya wote kuweka alama, wakubwa wasije wakawaburuta wadogo. Sasa leo niwe wa kwanza kuivunja? Endeleeni."

Kimya kilichofuata kila mmoja alikitafsiri kivyake, na tafsiri zote zilifanana. Wakatazama meza. Wakatazama kalamu zao. Hakuna aliyetamka kwamba Mzee amesahau kazi yake, kwamba akili iliyowafundisha wote sasa inaaga. Lakini jambo hilo liliingia chumbani likaketi kama mjumbe wa sita.

Jioni, watu walipokuwa wakifunga ofisi, Mjomba alimsubiri ukumbini karibu na ngazi.

"Chiriku, njoo mara moja mezani kwangu uone."

"Mjomba, kompyuta haisemi uongo. Labda ulikuwa unabofya pembeni."

Mjomba alimtazama kidogo. "Labda," akasema, akashuka ngazi taratibu, akishikilia reli kwa mkono wa kushoto.

*

Kazi ya jopo ilikuwa hii. Kimelea kimoja kilikuwa kinawaua watoto, na ndani yake mlikuwa na protini ambayo bila hiyo kisingeishi. Protini ina mabonde na vishimo. Dawa ikipata kishimo kinachoifaa hujikita humo kama kabari na kuisimamisha mashine nzima. Swali lilikuwa moja tu: kishimo kipi? Watengenezaji wa dawa wangeshika njia itakayochaguliwa, na njia ya namna hiyo ukishaishika huiachi kesho.

Mjomba alikuwa ameishughulikia protini ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kabla ya kuwapo vioo vya kuonyesha molekuli, aliijenga kwa vijiti na vidonge vya udongo juu ya meza ya kulia chakula, na Chiriku akiwa mtoto ndiye aliyekuwa akimshikia vijiti. Kwa hiyo aliposikia kwamba mpwa wake ndiye atakayejenga ukurasa wa jopo, alizunguka taasisi nzima akitangaza kama mtu aliyepata mjukuu.

Na Chiriku aliujenga vizuri. Moyo wa ukurasa ule ulikuwa ni vile alivyoviita viitikio: vipande vidogo vya programu visivyofanya lolote mpaka viitwe. Unaviacha mlangoni na maagizo: atomi ikibofywa, niamshe, uniambie ni atomi ipi, nitaipaka rangi na kuihifadhi. Baada ya hapo vinalala. Havichungulii nje kuona kama kuna mtu. Hodi ikisikika vinaitika; isiposikika, kwao hakuna aliyekuja.

Lakini nani wa kuamua kipi ni hodi na kipi si hodi? Kipanya kile kile kinachobofya ndicho kinachoigeuza molekuli. Ukibonyeza na kuachia mahali pale pale, umebofya. Ukibonyeza, ukasogea, ndipo ukaachia, umezungusha. Mwanzoni Chiriku aliacha nafasi kidogo, mkono uweze kuyumba bila kuadhibiwa. Vijana wa maabara wakalalamika: wakizungusha haraka, alama zinajiweka zenyewe wasipotaka. Akaipunguza nafasi ile. Wakalalamika tena, akaipunguza tena, mpaka ikabaki ukubwa wa unywele. Alijaribu kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa mtu aliyeanza kushika kipanya kabla ya kushika mwiko, na kila mbofyo uliitikiwa. Vijana walimpongeza. Mmoja alisema ukurasa sasa umekuwa mkali kama wembe, naye akalala na sifa hiyo.

Hakujiuliza wembe huo utamkata nani.

Jopo likachagua kishimo kikubwa cha mbele, ambako rangi nne zilikuwa zimerundikana. Mjomba akapewa cheo cha mshauri wa heshima, cheo kitamu kisicho na kiti. Akashukuru kwa maneno mafupi, akakusanya vitabu vyake, akaacha kuja.

*

"Kaka yangu siku hizi hali mbele ya watu," Mama alisema. Alikuwa anakunja nguo kitandani, Chiriku akimsaidia kwa upande wa mashuka. "Nikimwalika, ameshiba. Nikimpelekea chakula, niache mezani atakula baadaye. Shibe gani hiyo isiyokwisha?"

"Amezeeka, Mama."

"Mimi si ndiye ninayemfuata? Mbona nakula? Shika huko vizuri, unakunja shuka au unafunga mzigo?" Alilinyoosha shuka kwa mikupuo miwili. "Kuzeeka si jibu. Nenda ukamwone. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtoa meno nje hata akiwa na homa."

Akaenda Jumamosi mchana. Kusema kweli hakwenda kumwona, alikwenda kumfundisha. Njia nzima alipanga jinsi atakavyomwelekeza bila kumuumiza, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Alijiona mwema sana. Huruma ya aina ile ina utamu wake, nao si wa kujivunia.

"Hodi!"

"Karibu, Chiriku. Umekuja kunizika au kunitazama?"

"Nimekuja kukufundisha kubofya, Mjomba."

"Ala! Maji yamepanda mlima." Akamsogezea kiti. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mtu anayeishi peke yake na asiyetaka kuonewa huruma. Mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa kabisa, kimejaa mpaka ukingoni. "Haya, toa hiyo mashine yako. Mimi nilidhani nimestaafishwa, kumbe nimehamishwa darasa tu."

Chiriku aliiweka kompyuta, akafungua kivinjari, molekuli ikatokea. Mjomba aliitazama kama mtu anayemwona jamaa aliyeondoka bila kuaga. Kisha akafanya kitu cha ajabu: aliinuka akaenda kuufunga mlango wa sebule, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani. Akarudi, akaketi, akautoa mkono wake wa kulia mfukoni.

Ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa baridi wala wa hasira; ulikuwa mtetemo mdogo wa haraka, usiokoma, kama kifuniko cha sufuria juu ya maji yanayochemka. Aliuweka juu ya kipanya, na kipanya nacho kikaanza kugongagonga meza.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Tangu mtetemo ulipoanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikamwambie nani? Mkono ni wangu." Alikaza macho kwenye kioo. "Niambie, mwalimu. Nabofya hivi, au sivyo?"

Mshale ulisafiri ukiyumba, ukafika upande wa nyuma wa molekuli, ukasimama juu ya atomi ndogo iliyojificha kwenye bonde. Mahali pale pale. Mjomba akabonyeza. Na kati ya kubonyeza na kuachia, mkono ukasogea kiasi cha unywele.

Molekuli ikageuka.

Akairudisha kwa subira. Akatafuta atomi ile, akabonyeza tena. Ikageuka tena. Akajaribu kwa kuushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, viganja viwili juu ya kipanya kimoja. Ikageuka.

"Unaona inavyonipa mgongo?" akasema.

Chiriku alikuwa ameshaona tangu mara ya kwanza. Alimwona mjomba wake peke yake mezani siku ile kabla ya jopo, mlango umefungwa, akibofya na kubofya tangu asubuhi hadi jioni, akibisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ametia pamba masikioni. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe ukumbini: kompyuta haisemi uongo.

"Sogea kidogo, Mjomba."

Alifungua programu. Namba moja tu. Aliifuta, akaandika nyingine kubwa zaidi, akahifadhi, akaufungua ukurasa upya. Ilikuwa kazi rahisi kuliko kufungua kifungo cha shati.

"Jaribu sasa."

Mjomba akabonyeza. Atomi ikawaka manjano, na jina lake likatokea kando. Akashtuka kidogo, kama mtu aliyezoea kubisha halafu mlango ukafunguka ghafla. Akabofya ya pili. Ya tatu. Alama za manjano zikajikusanya upande wa nyuma, ndani ya kishimo kidogo ambacho hakuna mjumbe mwingine aliyekigusa.

"Hapa?" Chiriku aliuliza. "Mbona ni kidogo hivi?"

"Kile cha mbele ni kikubwa, ndiyo. Ni mlango mkuu. Lakini mwizi akizoea mlango mkuu, mwenye nyumba hubadilisha kufuli. Kimelea kitabadilisha kufuli yake, nimekiona kikifanya hivyo. Hiki cha nyuma hakiwezi kukibadilisha." Aligusa kioo kwa kidole kinachotetemeka. "Hii ndiyo nguzo ya nyumba. Dawa ikiivunja, paa litakiangukia."

Alizungumza kwa muda mrefu. Akili yake ilikuwa nzima, kali, inatembea bila mkongojo. Chiriku alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuelewa ni kitu gani kilichoachwa nje ya chumba kile cha mikutano.

Halafu Mjomba aliegemea kiti, akamgeukia.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Kumbe nilikuwa nabofya vibaya. Sasa umenionyesha, nimejua."

Akamtazama. Hakuharakisha. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani akiwa ameshika kijiti na hajui ni cha wapi, akimpa nafasi.

Chiriku alijua la kusema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alifikiri juu ya Mkurugenzi, juu ya daktari wa vimelea na kicheko chake, juu ya vijana na wembe wao. Alifikiri pia, au alijidanganya kufikiri, kwamba mzee amefurahi, kwa nini amharibie siku.

"Ndiyo, Mjomba," akasema. "Ni mazoezi tu."

Mjomba alitikisa kichwa polepole. Akaurudisha mkono mfukoni.

*

Mkurugenzi alimsikiliza Chiriku hadi mwisho bila kumkatiza. Dirisha la ofisi yake lilikuwa wazi, na kutoka chini zilisikika sauti za watu wakipakua masanduku ya chupa za maabara. Zilikuwa za kazi ya kishimo cha mbele. Kazi ilikwisha kuanza.

"Kwa nini hukwenda kuangalia siku ile?" aliuliza.

"Sikwenda."

"Nimeuliza kwa nini."

"Kwa sababu uliniuliza kama ukurasa una hitilafu." Alisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo.

Mkurugenzi alipitisha kiganja usoni. "Na mimi nikamwita mbele ya watu. Nilidhani namsaidia. Mtu yule alinifundisha kupima kitu mara tatu kabla ya kukisema, nami sikumpima hata mara moja." "Kazi siwezi kuisimamisha. Wafadhili, watu, vifaa, kila kitu kimeelekea huko. Alama zake ziweke. Msimu ujao tutazijadili."

"Na kama kimelea kitabadilisha kufuli ya mbele?"

"Basi tutakuwa tumechelewa msimu mmoja. Au miwili." Hakusema ni nani watakaolipia kuchelewa huko, wote wawili walijua. "Umemwambia?"

"Kuhusu jopo?"

"Kuhusu kwamba hakukosea."

"Bado."

"Mwambie wewe. Mimi sina uso wa kumtazama." Kisha, Chiriku alipofika mlangoni: "Na usimwambie kwa simu."

*

Hakumwambia kwa simu. Hakumwambia kabisa. Siku zikapita zikijikokota, na kila moja ilikuja na udhuru wake. Neno la toba ni kama unga wa saruji: lisipotumika mapema hugandia kwenye mfuko. Mpaka Jumapili moja Mama alipochoka na visingizio vya kaka yake, akawakusanya ndugu wote nyumbani, akaenda mwenyewe kumchukua Mjomba kwa teksi, akamketisha kwenye kochi la katikati kama bwana harusi.

"Leo utakula hapa hapa," alimwambia. "Ukishiba, nitaamini nikiona sahani."

"Dada, umekuwa polisi?"

"Polisi ana likizo. Mimi sina."

Ndugu walicheka, mazungumzo yakashika moto. Binamu mmoja akamuuliza Mjomba kama bado anashughulika na zile molekuli zake, au amestaafu kweli.

"Nimestaafu," Mjomba alisema. "Ila sijambo, nimejifunza kubofya! Mnamwona huyu mpwa wangu? Alikuja mwenyewe nyumbani, akanikalisha, akanifundisha. Mimi na elimu yangu yote nilikuwa sijui kubofya. Jopo zima lilipata alama, mimi nikatoka sifuri. Chiriku akanionyesha, mara moja tu, nikajua."

"Mwambie Mwalimu Chiriku aje atufundishe na sisi!" binamu akadakia, na watu wakapiga makofi.

Wote walimgeukia Chiriku. Mjomba naye alimgeukia. Glasi ya maji ilikuwa mkononi mwa Chiriku. Akanywa. Akanywa mpaka ikaisha, na alipoitua mezani makofi yalikuwa yameshakoma na mazungumzo yamehamia kwenye gari jipya la jirani.

Baada ya muda Mjomba alitoka kwenda barazani kupunga upepo. Chiriku akamfuata. Barabara ilikuwa tulivu. Nyumba ya pili mtu alikuwa anaosha gari na redio yake inaimba peke yake.

"Mjomba."

"Naam."

"Hukukosea kubofya. Ukurasa ndio uliokuwa haukubali mkono wako. Mimi ndiye niliyeufanya hivyo, kwa kuipunguza nafasi ya mkono kuyumba, na siku ile ya jopo sikutaka kuangalia. Ile siku nyumbani nilibadilisha namba tu. Sikukufundisha chochote."

Alisema yote kwa pumzi moja. Alitegemea mshangao, au hasira, au, kwa siri sana, msamaha.

"Najua," Mjomba alisema.

Redio ya jirani ilibadilisha wimbo.

"Mkono ulikuwa ule ule," Mjomba akaendelea. "Kipanya kile kile. Molekuli ile ile. Ukaandika kitu kimoja, mambo yakawa mengine. Mimi nimefundisha sayansi maisha yangu yote, Chiriku. Ulidhani sitatambua kilichobadilika ni nini?"

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilikufungulia mlango. Nikaona nisikusukume, uingie mwenyewe."

"Na leo? Mbele ya watu?"

"Leo nimekufungulia tena. Ukanywa maji."

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa jepesi zaidi lau angelisema kwa ukali. Chiriku alitaka kumshika, lakini hakujua amshike wapi. Mikono ya mjomba wake yote miwili ilikuwa nyuma, imefungana.

"Mkurugenzi amesema alama zako zitajadiliwa msimu ujao."

"Msimu ujao," Mjomba alirudia, kama mtu anayeonja maji kujua yametoka kisima gani. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya kazini, ya mtu anayefuata swali na si jeraha. "Huo ukurasa wako. Tulioutumia ni sisi wa jopo tu?"

"Hapana. Uko wazi kwenye wavuti. Shule zinautumia, vyuo, hospitali. Watu wa mbali wananiandikia kunishukuru."

"Tangu ulipoipunguza hiyo nafasi?"

"Tangu wakati huo. Mpaka ile siku nilipokuja kwako."

"Na wenye mikono kama wangu? Hao hawakukuandikia?"

Chiriku alifikiri juu ya viitikio vyake, vimelala mlangoni. Asiyesikika haandikwi popote. Hakuna mahali angeweza kwenda kuwahesabu. Mwanafunzi fulani mwenye mkono usiotulia, mwalimu fulani aliyeugua, mtu aliyebofya na kubofya, kisha akaifunga kompyuta akiamini kwamba kasoro ni yake, na asiwe na mpwa wa kumjia Jumamosi.

"Sijui, Mjomba," akasema. "Na sina namna ya kujua. Ambaye hakuitikiwa hakuacha alama."

Mjomba alitikisa kichwa mara kadhaa. Alikuwa anatazama barabarani, si yeye.

Sauti ya Mama ikaja kutoka ndani. "Nyinyi wawili! Chakula kinapoa, na mimi sipashi mara mbili!"

"Tangulia," Mjomba alisema.

"Twende pamoja."

"Tangulia, mwanangu."

Akatangulia. Alikwenda polepole, kupita mlangoni, kupita viatu vya wageni vilivyotapakaa ukumbini, akiacha kila hatua itulie kabla ya kuchukua nyingine, masikio yake yote yakiwa nyuma, akisikiliza kama nyayo za mjomba wake zinamfuata.